Neno "Mzima" kwenye fishi ya Kambale

Jumanne, 9 Septemba

Mvua tangu asubuhi. Nimepanga risiti za kakao za wiki iliyopita, nimetia wino kwenye mhuri. Saa nne simu kutoka depo yetu ya Beni. Kambale, mpakiaji, ameangukiwa na gunia akiwa kwenye ubao wa kupandia lori. Ubao ulikuwa umelowa, ukateleza. Yuko hospitali. Hasikii miguu.

Nikajaza tangazo la ajali la kupeleka kwenye Mfuko wa wafanyakazi, ule unaolipia matibabu ya mtu aliyeumia kazini. Jioni nilikula bugali na sombe. Kama kawaida.

Jumatano, 10 Septemba

Nimetoa fishi ya Kambale, karatasi anayojaziwa kila mtu siku ya kuandikishwa. Mstari wa afya: Mzima. Mwandiko wangu.

Naandika hapa kwa sababu siwezi kusema popote. Mwezi wa Machi, alipokuja kuomba kazi, aliniambia. Alisema alianguka na mbao kule Kayna, akalala miezi miwili, na mgongo bado unamshika akiinama. Lakini nilikuwa nimeshaandika. Kwetu bironi, yaani ofisini, fishi huanza na Mzima, ndipo jina. Daktari anayepaswa kuwapima wanaoandikishwa sijawahi kumwona. Karani aliyenitangulia alinifundisha hivyo: ukiacha mstari ule wazi, Patron anakurudishia karatasi.

Kambale aliangalia nilichoandika, akacheka.

"Sasa uko naniponyesha, Mama Biro. Unapita hata munganga."

Wapakiaji wananiita Mama Biro. Sina mume, sina mtoto. Wanaona inachekesha. Nilicheka pia. Sikufuta.

Ijumaa, 12 Septemba

Patron ameniita. Kampuni ni yake, depo ni zake, hata kiti ninachokalia. Daktari wa Beni amekuta jeraha la zamani kwenye uti wa mgongo, chini ya hili jipya. Patron anataka barua iende kwenye Mfuko: Kambale alificha ugonjwa wake siku ya kuajiriwa, na fishi ndiyo ushahidi. Sahihi iwe yangu, maana mimi ndiye niliyemuuliza.

Nilisema ndiyo, Patron. Neno lilitoka lenyewe.

Jumapili, 14 Septemba

Misa. Sikumbuki hata somo. Mama aliniuliza kwa nini sili. Nikasema tumbo. Baba hayupo, wadogo zangu wawili wako shuleni, na kazi za biro hapa Butembo haziokotwi njiani. Najua. Sihitaji kukumbushwa.

Jumanne, 16 Septemba

Barua ipo. Masista wa Lubero walitufundisha kuandika barua rasmi, kwa hiyo hakuna kosa hata moja. Nimeifungia kwenye droo bila sahihi. Patron aliulizia, nikamwambia nasubiri namba ya dosie, jalada la Kambale kule Mfuko. Uongo wa kijinga.

Saa sita nilitoka nje, nikapiga simu kwenye Mfuko. Nikauliza kama vile nauliza habari za mtu mwingine. Afisa alinieleza taratibu, kama mwalimu. Mtu mwenye ugonjwa wa zamani anapokelewa, kama kazi ndiyo iliyouzidisha. Anayekataliwa ni yule aliyeuficha.

Donc, basi, kila kitu kiko hapo. Alisema au hakusema. Tunaojua ni wawili, mimi na yeye. Nikisema ukweli, fishi ni ya uongo na aliyeandika uongo ni mimi. Nikitia sahihi, hakuna wa kulipia matibabu yake.

Alhamisi, 18 Septemba

Enspekta wa Mfuko amefika hospitalini Beni. Patron alinituma nimpelekee fishi. Barua alisema ifuate kesho.

Kambale amelala chali. Amekonda. Mkewe, Kavira, alikuwa anamlisha uji kwa kijiko. Enspekta ni mama mwenye miwani, haongei sana. Alishika fishi, akamuuliza Kambale nani aliijaza. Kambale aliniangalia. Kisha akaangalia dari.

"Sikumbuke, mama. Siku ile tulikuwa batu mingi."

Akamuuliza tena: je, alisema habari za mgongo?

"Sikumbuke."

Alinificha mimi, akajizamisha yeye. Nilikuwa nimeshika begi kwa mikono miwili. Enspekta akaandika jibu lake.

Kavira alinifuata mpaka mlangoni. Hakulia.

"Dada, ile siku alirudi ku nyumba akaniambia, nimebaelezea mambo ya mugongo na bamenipa tu kazi. Leo anasahau namna gani?"

Nilimwambia sijui. Nikapanda gari la kurudi Butembo. Njia nzima niliangalia shingo ya dereva.

Ijumaa, 19 Septemba

Nimerudi Beni. Sikuomba ruhusa. Patron amepiga mara nne, simu ikilia kwenye begi, kisha nikaizima.

Enspekta alikuwa kwenye ofisi ya Mfuko, anakunywa chai. Nilieleza nikiwa nimesimama. Alinipa kiti na karatasi tupu. Niliandika: Kambale aliniambia kuhusu mgongo wake. Nilikuwa nimeshaandika Mzima kabla hajasema. Fishi zote nilizojaza nilizijaza hivyo, hakuna daktari aliyemwona hata mmoja.

Aliuliza kama naelewa ninachotaka kutia sahihi. Nikasema naelewa. Sahihi imepinda, si kama ile ya siku zote.

Jumatatu, 22 Septemba

Patron alijua kabla sijafika. Hakupaza sauti.

"Biro yako umeivunja wewe mwenyewe, binti. Acha ufunguo."

Nikaacha ufunguo. Wapakiaji walikuwa uani nilipopita. Hakuna aliyeniita jina lolote. Nilitembea kwa miguu mpaka nyumbani Mususa. Nilifikiri nitalia njiani. Sikulia.

Jumatano, 8 Oktoba

Asubuhi nimefua. Nguo hazijakauka, ukungu.

Kavira amepiga simu. Mfuko umeikubali dosie. Matibabu yatalipiwa. Kuhusu miguu, daktari wao ataamua baadaye, hakuna anayeahidi kitu. Kambale anakaa sasa, akiegemezwa. Patron ameitwa kuulizwa kuhusu daktari wake, yule nisiyewahi kumwona.

Kisha Kavira akampa Kambale simu. Hakunishukuru, nami sikutaka anishukuru. Aliuliza kama nimepata kazi. Nikasema bado. Nikasikia watu wameingia chumbani, kitanda kinalia.

"Ngoya kiloko," akasema, "bananigeuza."

Nikangoja. Nilimsikia akihema, na Kavira akihesabu moja, mbili, tatu.