Somoe Yuko Juu ya Dungu

Baba,

Shikamoo. Najua hakuna wa kuniitikia marahaba, lakini mkono umekataa kuandika neno jingine kabla ya hilo.

Ni wiki ya saba tangu tukuzike Nyangamara. Mama yuko kwenye eda, katika chumba cha uani hapa Mingoyo, na mimi nimekaa barazani na ile kompyuta uliyokuwa ukiiita sanduku. Nina jambo la kukiri kwako. Nimelibeba siku tisa, kula sili, na nikisali nasahau niko rakaa ya ngapi.

Bibi anapigwa risasi, Baba. Bibi yako, Somoe, ambaye ulinipa jina lake. Kila siku watu nisiowajua wanashusha ndege zao za vita hadi karibu na masuke ya mtama, wanampiga pale juu ya dungu la kulindia shamba, na gemu linawapa alama. Aliyemweka pale ni mimi.

Nianze mwanzo, maana ulikuwa humpendi mtu anayerukia katikati. Unakumbuka siku ya kwanza nilipokuonyesha kazi yangu? Ile kampuni ya ng'ambo ilikuwa inatengeneza gemu la kurusha ndege za vita za zamani, nami nikapewa kuchora ardhi: Lindi na bara yake, kama ilivyokuwa wakati wa vita vya Mjerumani na Mwingereza. Walitaka kila kitu kiwe cha kweli. Ndege zenyewe walishazimaliza, hata viraka vya turubai kwenye mabawa vilikuwepo. Nikakupitisha juu ya mto Lukuledi huku najisifu. Wewe, bwana shamba mstaafu, ukavaa miwani, ukatazama, kisha ukasema, "Somoe, hii mikorosho umeitoa wapi?"

Nilikuwa nimejaza mikorosho kwa mistari kila kilima. Ningejuaje? Tangu nizaliwe sijaona kilima cha kwetu kisicho na mkorosho. Ulicheka mpaka ukapaliwa. "Mjerumani kaondoka, mikorosho hii hata mbegu yake haijaletwa huku bara. Ng'oa yote!"

Tukang'oa. Wiki nzima wewe unaelekeza kwa kidole na mimi nang'oa. Ukaniondolea mabati, ukataka paa za nyasi, tena nyasi zilizokwisha kuwa nyeusi kwa moshi, si za manjano kama za hotelini. Ukanifanya nipake upya masuke ya mtama mara nne. Nilikuchukia kidogo, Baba, nisamehe. Nikakwambia rubani aliye juu huko hataona rangi ya suke. Ukanijibu, "Yeye hataona. Mimi nitaona." Kuanzia hapo kila nilipotaka kulipua kazi nilikusikia.

Kisha kikohozi kikawa si cha kucheka tena. Ukawa unatazama ukiwa umelala, nami naegemeza kompyuta kwenye mto. Na siku moja ukauliza swali nililokuwa nikiliogopa: "Mbona nchi nzima haina watu?"

Watu walikuwepo. Nilikuwa nimewaweka, wanatwanga, wanachota maji. Lakini gemu lile lina orodha mbili za watu. Wa orodha ya raia hupotea ndege ikipanda juu kidogo, ili kompyuta isielemewe. Wa orodha ya jeshi huonekana hata ukiwa mbali, kwa sababu hao ndio wanaotafutwa. Nilikueleza hayo. Halafu ukasema hutaki wengi, unamtaka mmoja tu, bibi yako, juu ya dungu.

Kazini niliwaeleza kwamba dungu ni kichanja cha miti kirefu kuliko mtama, mtu hukaa juu yake kufukuza nyani na nguruwe. Wakapenda sana, wakasema ndiyo mambo wanayoyataka. Habari yenyewe sikuwaeleza. Ile niliijua kwa moyo, umenisimulia tangu sijaota meno ya pili. Bibi akiwa mtoto, baba yake alipochukuliwa kubeba mizigo ya jeshi alimpandisha dunguni, akamwambia, "Usishuke mpaka nije." Eropleni ikapita, ya kwanza kuonekana kule. Watoto wote wakakimbilia porini, yeye hakushuka, maana alikuwa ameagizwa. Ikazunguka, ikapita tena, yeye yuko palepale anapiga kelele kama anafukuza nyani. Siku mbili alikaa juu. Na baba yake hakurudi, siku ile wala nyingine.

Nilimchora mdogo, na kaniki yake, na kibuyu cha maji miguuni. Nikamweka katika orodha ya raia. Nikarusha ndege, ukatazama, akatoweka. Ukasema, "Dungu bila mtu ni kuni tu." Sauti yako ilikuwa imeshakuwa nyembamba. Nilijua siku zako zinahesabika, daktari alishaniambia koridoni. Basi nikamhamishia orodha ya jeshi.

Kompyuta ilinionya, Baba. Liliandikwa onyo, mstari mzima, nikalibofya likaondoka, kwa sababu ulikuwa macho na sikujua kama kesho utakuwa macho.

Nikarusha tena. Tukiwa bado mbali, juu ya kilima, akaonekana. Mdogo, mweusi, anageuza kichwa kututazama. Ukainua kidole ukagusa kioo. "Huyo. Huyo ndiye bibi." Halafu ukaniuliza, na swali hili ndilo linalonila nyama: "Lakini hawatampiga?"

Nikasema, "Hawampigi, Baba."

Nilikuwa sijui. Hapana, nikisema hivyo nakudanganya mara ya pili. Nilikuwa nimeamua kutojua. Ulifariki siku ya tatu, na gemu likatoka wakati bado tunapokea watu wa msiba.

Siku tisa zilizopita nilitafuta video za wanaolicheza. Nilitaka sifa, sikufichi, nilitaka nisikie mtu wa mbali akisema nchi ile ni nzuri. Na wanasema! Wanasifu rangi, wanasifu vivuli, mmoja alisema hajapata kuona mtama wa kweli namna ile. Kisha akasema, "Kuna mlinzi kwenye mnara," akashuka. Hakukimbia yule mtoto. Sikumfundisha kukimbia, kwa sababu ndivyo ulivyonisimulia. Ndege ikageuka, ikarudi kuhakikisha.

Nililia mpaka Mama akaita kutoka ndani, "Kuna nini huko?" Nikasema moshi wa jikoni umeniingia. Na kila siku ananiuliza, "Kazi ya baba yako imetoka? Niletee nimwone huyo bibi." Namwambia umeme umekatika, namwambia chaji imeisha. Mama ni mtu mzima, umeme anauona unawaka.

Niliwaandikia kampuni. Hawana ubaya, wanajibu kwa adabu. Wakasema anayeonekana, awe wa orodha ipi, ni wa kupigwa, ndivyo gemu lilivyojengwa. Wakanipa hadi leo adhuhuri, kabla hawajafunga toleo jipya: nimwache alivyo, au dungu libaki tupu. Tupu, Baba. Kuni tu. Nimwache auawe kila siku, au nimfute mtu pekee uliyeniomba? Nimetembea hapa uani mpaka kuku wamenizoea. Nilikuita kwa sauti, na hukuitika, na hasira niliyoipata juu yako naiona aibu kuiandika.

Asubuhi hii nikashindwa. Niliingia kwa Mama na kompyuta, nikamwambia yote, orodha, onyo, uongo wangu. Sikumwonyesha ile video. Alinisikiliza akiwa na tasbihi mkononi. Nilitegemea anigombeze. Akasema, "Kwani bibi alikaa juu maisha yake yote? Si mama yake alikuja siku ya tatu akamshusha? Baba yako alikuwa anapenda kuishia alipopata sifa, pale pa eropleni. Mimi bibi mwenyewe alinisimulia mpaka mwisho. Mama yake alikuja, akamwambia, 'Shuka mwanangu, baba yako hakukukataza kushuka mimi nikija.' Kibuyu wakakisahau hukohuko juu."

Habari ya kibuyu kusahauliwa hukuwahi kuniambia.

Nimetoka nikafungua faili. Nilikosea mara mbili. Nimemtoa, Baba. Dungu liko tupu, na kibuyu kiko juu yake, kimelala ubavu. Hakuna rubani atakayekiona. Mtama upande wa kijijini nimeulaza kidogo, walipopita mama na mwana. Nchi yote ni ileile, ila sasa ni siku ya tatu.

Usidhani nimepona. Waliokwisha kulichukua toleo la kwanza bado wanalo, na kwao yuko juu, anawageuzia kichwa. Hao sitawafikia. Nakuahidi nitaiandikia kampuni kila Jumatatu iwasihi watu walibadilishe, hata wakinichoka. Na Ijumaa nitakuja Nyangamara, nitang'oa majani kaburini kwako. Eda ya Mama ikiisha tutakuja wote, naye akusimulie huo mwisho.

Lala, Baba. Mwenyezi Mungu akupe nafasi kaburini. Uliniuliza kama hawatampiga nami nikakujibu kwa haraka. Niruhusu nijibu tena: aliye kwangu nimemshusha.

Mwanao,
Somoe