Wenye Hawako, Tonton Useni

Tonton wangu Useni,

Nimekaa ofisini, hapa Kabondo, na mbele yangu kuna karatasi ya Mama Véro yenye matope ya Lubunga pembeni. Ina majina ya watu aliowatembelea wiki hii. Yote nimeshayaingiza kwenye kompyuta, isipokuwa moja. Chef, mkubwa wangu wa kazi, amepita mara mbili kuniuliza kama nimemaliza, na mara mbili nimemjibu "bado kidogo". Jina lililobaki ni lako. Kabla sijaliingiza nataka tuongee, maana ulinionya nikakucheka mbele ya watu, kwa hiyo na barua hii naiandika mbele ya watu.

Unakumbuka ulivyonifundisha? Nilikuwa nimemaliza shule, sina kazi, na mama, dada yako, alikuomba unipatie kitu cha kushika. Wewe ulikuwa umezeekea kwa watafiti wa msitu kule Masako, kazi yako kuiweka miti kwenye base, yaani daftari la ndani ya kompyuta: kila mti na namba ya kibati chake, kila kipimo na siku yake. Kila Jumamosi ulifika kwetu na toleka, umekaa nyuma ya baiskeli ya watu, kompyuta umeikumbatia tumboni. Nilidhani tutaifungua. Wapi! Ulitoa penseli iliyochongwa kwa kisu na kalenda kuukuu, ukaigeuza mgongo.

"Courant iko?" uliniuliza.

"Haiko."

"Muzuri. Basi tutafikiri."

Umeme wa bwawa la Tshopo ulikuja na kuondoka ulivyotaka wenyewe, nawe ulitaka unikute tayari. Kwanza niandike kwa maneno ya nyumbani: nataka kina nani, kutoka wapi, wa namna gani. Halafu niyageuze kuwa maneno ya mashine, neno kwa neno, kwa mkono, kwa penseli. Mwisho, na hapo ndipo nilipokuchukia, niandike chini kabisa idadi ninayongojea kabla sijagusa clavier, vile vitufe vya kuandikia. Nikikosea neno moja ulifuta swali lote, siyo lile neno tu. Mama alilalamika kwamba kalenda zake zinaisha.

"Ukipata nombre muzuri sana, idadi ya kufurahisha, rudia," ulisema. "Mashine haina haya. Inajibu tu kile umeiuliza."

Aibu yako ulinisimulia mara moja tu, tukila lituma ya ndizi na samaki. Wakubwa walitaka orodha ya miti iliyo katika hali mbaya. Wewe ukaunganisha daftari la miti na daftari la vipimo, orodha ikatoka fupi, wakafurahi, wakakupa mkono. Wiki iliyofuata ulikuwa unatembea njiani ukaruka gogo, ukaona kibati juu yake. Kibati chako. Mti umelala chini, umeoza nusu, na kwenye orodha haumo. Mti huo ulianguka kabla hata mtu hajaupima mara ya kwanza, kwa hiyo kwenye daftari la vipimo haukuwa na mstari, na ulipounganisha madaftari mawili mti ukadondoka katikati, kimya.

"Ile namba nilipigilia miye mwenyewe," ulisema, ukaacha kula. "Tangu siku ile naulizaka kwanza: wenye hawako, iko wapi?"

Nilitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Nilikuwa nataka kipande chako cha samaki.

Kwa penseli ile nilipata kazi hii, unajua mwenyewe. Base yetu ni ya watu wa tension, wale ambao damu yao inasukuma kupita kiasi. Kuna daftari la watu, la kila aliyepimwa na kuandikwa. Kuna daftari la ziara, la kila mara mtu alipokuja kuchukua dawa au alipotembelewa nyumbani. Kila mwezi mimi hutoa orodha ya waliokosa, na kina Mama Véro, wanaojitolea kupita nyumba kwa nyumba, wanawafuata. Mtu wa tension haumwi mahali popote, anacheka na watu, anabeba maji, mpaka siku anaanguka. Kwa hiyo asiyekuwemo kwenye orodha yangu hafuatwi na mtu.

Miaka yote orodha ile niliitoa kwa mkono, nikiandika maneno ya mashine. Ndipo ikaja logiciel mpya, programu ya visanduku. Unavuta kisanduku cha watu, unavuta kisanduku cha ziara, unachora mstari na souris, kile kipanya cha mkononi, katikati, unabofya "ziara ya mwisho: zaidi ya miezi miwili", na orodha inashuka na rangi zake. Hakuna neno la kuandika. Tonton, sikufichi, niliona raha. Kazi ya asubuhi nzima ikawa kazi ya kikombe cha chai. Hata Mama Véro, ambaye ni mtoto wa wavuvi wa kwenye maporomoko na kompyuta anaigusa kwa kidole kimoja, aliitoa orodha yake mwenyewe siku ya pili, akapiga vigelegele ofisi nzima ikamsikia. Hilo silidharau hata leo.

Idi iliyofuata nilivuka mto kuja kwako Lubunga na kompyuta kwenye begi, nikiringa. Baada ya wali na mbuzi niliifungua mkekani mbele ya watoto wako na majirani, nikavuta visanduku vyangu. Wote walisema "eeeh". Wewe ulivaa miwani yako yenye uzi, ukainama juu ya kioo.

"Iko muzuri," ulisema. "Sasa nionyeshe maneno yake."

"Maneno gani, Tonton?"

"Hiyo michoro haiwezi kuongea na base. Nyuma yake iko maneno. Nani aliyaandika?"

"Yanajiandika yenyewe. Hakuna haja nayo."

"Bon." Ukasogeza mkeka. "Toa orodha ya Lubunga."

Sikutakiwa kukuonyesha majina ya wagonjwa, lakini nilishalewa sifa, nikatoa. Ukaichukua kompyuta mapajani, ukasoma jina kwa jina, kidole chako kikishuka kwenye kioo, mpaka mwisho. Ukarudi juu, ukasoma tena.

"Iko yote?"

"Yote, Tonton."

"Inaacha nani?"

Hapo ndipo nilipocheka. Nikawaambia watu, "Muzee anaogopa souris!" Wakacheka wote, na mkeo akacheka. Wewe ulinirudishia kompyuta polepole, ukaniuliza kama nimeshiba. Uliponisindikiza, ulikaa mara mbili kwenye vizingiti vya majirani kabla hatujafika barabarani, ukasema ni mbuzi, ulimla kupita kiasi. Nami nikaamini ni mbuzi.

Miezi mitatu baadaye ulianguka asubuhi ukitawadha. Walikubeba mpaka mtoni, ukakata roho kabla hawajapata mtumbwi wa kukuvusha. Wakasema ni damu kichwani. Mimi, mtu wa orodha ya tension, nililia kama mtu asiyejua neno hilo maana yake nini. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba una tension. Ndivyo nilivyokuwa nikimjibu kila aliyeniuliza.

Baada ya arobaini yako nilirudi kazini, na nilirudi na ubaya rohoni. Nilishuku kila kitu, hata saa ya ukutani. Chef alituonyesha karatasi: tangu visanduku vije, waliokosa wamepungua sana, vituo vya afya vinaenda vizuri, alors tupige makofi. Wengine wakapiga. Mimi nikasikia sauti yako, na lafudhi yako, ikisema nombre hii ni nzuri sana. Niliomba kalenda ya mwaka jana kwa mlinzi, nikaigeuza mgongo. Nikachonga penseli.

Niliandika kwa maneno ya nyumbani: nataka watu wote walioandikwa, wawe wamekuja au hawajaja kamwe, halafu mashine inionyeshe waliokosa. Hapo kwenye "hawajaja kamwe" niliweka penseli chini. Nikafungua logiciel, nikatafuta kitufe cha kuonyesha maneno yaliyofichwa nyuma ya michoro. Kipo, Tonton. Kiko kwenye kona, kidogo, hakina rangi, na kwa miezi yote ile sikuwahi kukibonyeza. Maneno yakatoka. Mstari niliokuwa nikiuchora katikati ya visanduku ulikuwa unachukua wale tu walio pande zote mbili. Aliyekuja mara moja akapotea, alionekana kwenye orodha. Aliyeandikwa asirudi hata siku moja hakuwa na mstari kwenye daftari la ziara, basi alidondoka katikati, kimya. Ni mti wako wa Masako.

Kwa mkono ni neno moja tu la kuongeza, na miaka yote nilikuwa naliongeza bila kufikiri kwa sababu ulinifutia maswali sijui mangapi nilipolisahau. Kwenye michoro lilitakiwa bofyo moja juu ya mstari. Hakuna aliyenikataza kubofya. Visanduku havikunidanganya. Viliniacha nisiulize, na mimi nilifurahi kuachwa.

Niliandika chini ya kalenda idadi niliyongojea, nikaingiza swali kwa mkono, nikabonyeza. Orodha ilishuka, ikashuka, ikapita idadi yangu, ikaendelea. Watu waliopimwa, wakaambiwa "njoo kituoni", hawakuja, na hakuna aliyewafuata tangu siku nilipopenda rangi. Nilipofika Lubunga niliona Useni. Nikasema Useni ni wengi. Nikasoma mtaa. Nikasoma jina la baba yako.

Ulipimwa sokoni, siku kina Mama Véro walipoweka meza yao karibu na wauza makayabu, samaki wa chumvi. Namba mbili za presha yako nimeziona na sitaziandika hapa. Siku ya kupimwa ni kabla ya Idi ile.

Kwa hiyo na wewe nakushuku, Tonton, usidhani kifo kimekusamehe. Ulijua. Ulipoomba ya Lubunga ulikuwa unajitafuta. Ulisoma mara mbili, hukujiona, ukaniuliza inaacha nani, nami nikakucheka. Kwa nini hukusema "inaniacha miye"? Uliona haya mbele ya watoto wako? Ulitaka nijue mwenyewe, ufute swali lote nianze upya, kama zamani? Au uliposoma orodha na kukuta humo ulijipa moyo kwamba basi si ugonjwa, kwamba mashine ya mpwa wako imekuhesabu mzima? Hilo la mwisho ndilo linaloninyima usingizi. Nakuuliza na najua hujibu, na nitaendelea kukuuliza.

Kwa chef nilienda na kalenda mkononi. Alikasirika, halafu akaomba nimwonyeshe tena ule mstari. Visanduku havijatupwa, vipo, lakini orodha ya mwezi sasa natoa mimi kwa mkono, na kila anayechora lazima abonyeze kile kitufe cha kona na asome maneno kwa sauti mbele ya mwenzake. Mama Véro anayasoma kwa Kifaransa kibovu na anashuku kila neno. Ungempenda sana.

Wiki hii alivuka na orodha mpya. Jina lako sikuliondoa. Ningeweza, nilijua uko wapi, lakini sikuwa na mstari wa kuonyesha, na wewe ulinifundisha nisifute kitu kwa kichwa. Yeye hajui kwamba wewe ni nani wangu. Leo asubuhi aliniwekea karatasi mezani.

"Huyu mama wa karibu na kivuko tulimupata," alisema. "Alikuwa anaangukaka-angukaka, anasema ni jua. Ameshaanza dawa."

"Asante Mungu."

"Na huyu muzee, ye alishakufa. Binti yake alinipatia kiti, akanipatia na maji. Halafu akaniuliza: mama, sababu gani munakuja leo?"

"Ukamjibu nini?"

"Nilikunywa maji."

Ndiyo mstari uliobaki, Tonton. Ziara ya nyumbani, Lubunga, hali: amefariki. Ni ziara yako ya kwanza kwenye daftari letu, na ya mwisho. Nikishauingiza, utakuwa pande zote mbili. Hata visanduku vitakuona. Na mwezi ujao nikiuliza wenye hawako iko wapi, hutatokea tena, maana mashine itakuwa imeshajibiwa. Ndiyo maana chef anangoja na mimi nasema bado kidogo.

Nimeuandika kwanza kwa penseli, nyuma ya kalenda. Courant iko. Jumapili navuka kwenda kwa binti yako, nikae kwenye kile kiti, nimjibu mimi. Sasa naingiza.

Mpwa wako,
yule aliyekuambia "yote, Tonton"