Bomba la bibi nimelipeleka kwenye baridi

Oskari, nimekwisha. Nimekwisha kabisa!

Ile ramani ya nyumba mpya ya bibi niliyochora mimi? Fundi Kauko kaifungua sasa hivi mbele ya baba. Kaniuliza, "We dogo, hiki chumba cha nyuma hakina joto, si ndiyo?"

Nikamwambia ndiyo, cha kuwekea skii za kutelezea theluji na nyama ya kulungu.

"Na mashine ya kufulia umeiweka humo humo?"

HUMO HUMO, Oskari!

"Januari bomba likiganda likapasuka, bibi yako atafua kwa barafu?"

Na bomba lenyewe tumeshalifukia!

  Baba kanipa koleo: "Zege la sakafu linamwagwa kesho saa moja asubuhi. Hamishia bomba upande wa sauna, kwenye joto."

Mita tisa za kuchimba, kaka. Njoo na koleo lako.