Piano bila kifungo

Jumamosi, kiisha kula

Kumbe piano ya kweli haina kile kifungo! Na hakuna mutu aliniambia.

Ku parwasi, kanisani kwetu, nyimbo zote nazipigaka ku tushi nyeupe zilezile za kufinya na vidole. Papa Déo, mwenye kuongoza korali, akisema «Panda kidogo, bamaman banashindwa kushuka», nafinya kifungo cha klavie, kile kinanda cha umeme, wimbo unapanda juu wenyewe, vidole vyangu vinabakia palepale. Na mimi nilijiona mupiga piano.

Leo ku egzame ya kuingia masomo ya muziki, nilipiga wimbo moja, profesa alisema: «Vizuri. Sasa rudilia, lakini upandishe.» Nikaanza kutafuta kifungo. Nilipapasa mbao mupaka chini! Alicheka hadi akatosha lineti ku macho, apanguse machozi.

Nilikasirika. «Prof, vidole havijui, lakini masikio yanajua. Unijaribu.»

Akaimba mustari moja. Nikamufwata na sauti ya alto, kisha ya tenor. Akapandisha, nikapanda naye. Akapandisha tena. Hapo aliacha kucheka.

«Umepita. Lakini mu oktoba vidole visipojua, nakurudisha kwenu.»

Vidole ndivyo vinaniogopesha, sababu viko na uvivu. Ila mimi niko na kichwa nguvu, vitanitii tu.

Kesho, mbele ya misa kuanza, nitabandika sparadra, ile plasta ya kidonda, juu ya kile kifungo. Papa Déo akisema «Panda», nitapanda na mikono yangu, hata nikikosea mbele ya parwasi yote.

Bamaman banivumilie.