Alama Niliyoigonga Kwenye Gari la Shemeji

MAELEZO YA SHAHIDI
Yameandikwa kituoni, chumba cha upelelezi, Jumatano tarehe 11 Septemba, kuanzia saa mbili na dakika tano asubuhi.

Jina: majina matatu yameandikwa kwenye daftari la kituo, mtaani anaitwa Kapteni.
Umri: miaka 47.
Kazi: fundi wa kuchomelea vyuma.
Makazi: nyuma ya soko la mbao, nyumba yenye geti la bluu.
Elimu: darasa la saba.

Mimi ndiye mtajwa hapo juu. Nimekuja kwa miguu yangu, sikuitwa na mtu. Afande aliyepo mbele yangu ameniambia niseme ninachokijua tu. Ninayoyajua ni mengi, nimefanya kazi nchi tatu, nimechomelea matangi ya mafuta na ubavu wa meli, lakini leo nitasema la gari tu.

Mtu mliyemweka mahabusu tangu jana kwa gari lenye namba isiyoeleweka ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Kazi yake ni kushona nguo. Naomba iandikwe vizuri: ni fundi cherehani, hajawahi kushika hata spana ya baiskeli.

Mwezi wa pili mwaka jana aliletewa gari la vipande, makasha matatu. Ndani mlikuwa na fremu, bodi ya faiba, nyaya, na kitabu kinene cha maelekezo. Injini aliitoa kwenye gari lililopata ajali, alilolinunua kihalali na karatasi zake zote. Nilimwambia, "Shemeji, hiyo si suruali, ukikosea huwezi kufumua." Akacheka, akasema, "Kapteni, kila kitu ni kukata, kushikiza, halafu kushona."

Hapo lazima niseme jambo ambalo halinipendezi. Miaka kumi na tano nimekuwa nikiwaambia watu kuwa siku moja nitaunda gari kwa mikono yangu. Nimesema kwenye misiba, nimesema kwenye harusi. Nilishachora hata mlango wake ukutani kwenye karakana yangu, na mchoro upo mpaka leo, umeliwa na moshi. Sasa mshona vifungo anaketi uani chini ya turubai, futi yake ya kupimia shingoni, anasoma ukurasa mmoja, anafunga nati moja, anarudi kusoma. Na gari linasimama. Kila Jumapili nikipita limeongezeka kitu. Viti alishona mwenyewe, mshono ule ukiutazama unaweza kulia.

Watu waliokuwa wakiniita "Kapteni, habari ya kazi?" wakaanza kuniuliza, "Kapteni, gari la shemeji yako limefika wapi?" Mke wangu akawa anampelekea chai kwenye chupa yetu nzuri, ile ya wageni. Yangu inakuja kwenye birika lisilo na mfuniko. Nikauliza, akanijibu, "Kaka anafanya kazi, chai yake isipoe." Na mimi je, nacheza? Afande, cheche ikiingia ndani ya buti huwezi kulivua palepale, unaruka tu watu wanadhani unacheza ngoma. Ndivyo nilivyokuwa mwaka mzima. Kijiba cha roho. Andika hivyohivyo.

Mwezi wa sita mwaka huu aliniita nimchomelee vishikizo vinne vya mikanda ya usalama, kwa sababu kitabu kilisema lazima vichomelewe na fundi mzoefu. Kazi ya mchana mmoja. Mtaani nilisema nimeunda nusu ya gari. Ukweli ni vishikizo vinne.

Mnamo tarehe 20 Agosti alilipeleka gari kwenye uwanja wa ukaguzi mara ya kwanza. Likarudishwa kwa makosa mawili, taa za mbele zilikuwa zinatazama juu kama zinatafuta mwezi, na breki ya mkono ilikuwa legevu. Nilimpa pole. Moyoni nilifurahi, nikala vizuri siku ile.

Jumapili tarehe 8 Septemba, saa tisa alasiri, nilikwenda uani kwake. Alikuwa amekwishatengeneza yote mawili. Akaenda kuoga, akaniacha peke yangu na gari. Kwenye fremu, upande wa kulia nyuma ya tairi la mbele, niliona sehemu imesuguliwa ikawa safi, imezungushiwa mstari wa chaki yake ya kushonea, kiboksi kizuri kama cha mfuko wa shati. Sikujua ni cha nini. Baadaye nimejua kitabu kilieleza kuwa ofisi ya usajili hutoa namba, na namba hiyo hugongwa hapo mbele ya mkaguzi. Mimi vitabu havinipendi na mimi sivipendi.

Sasa utaratibu wangu wa kazi ni huu. Kila kitu ninachokitengeneza, geti, dirisha, kitanda cha hospitali, nakigonga alama kwa nyundo na mihuri ya chuma. Herufi KPT, halafu namba ya kazi. Nilianza na moja miaka ishirini na sita iliyopita, sijaruka hata moja. Sina daftari, daftari ni kichwa changu. Vile vishikizo vinne vilikuwa kazi ya 1163, na sikuwa nimevigonga kwa sababu havikuwa na nafasi. Nilipoona kile kiboksi nikasema, hapa ndipo pangu. Kama gari litazunguka mji na sifa zote ni za cherehani, basi chini kwa chini liwe na jina langu. Nikatoa mihuri kwenye begi langu, nikagonga KPT 1163. Halafu nikapaka rangi nyeusi juu yake asije akaona mapema. Kugonga kulikuwa ujinga. Rangi ilikuwa wivu.

Jumatatu alinikuta dukani kwa mangi, muuza vipuri, mbele ya watu, akaniuliza, "Kapteni, nani kapaka rangi kwenye fremu?" Nikajibu, "Mimi, nimeogopa kutu." Akasema, "Asante, shemeji, mkaguzi ataikwangua tu." Sikuelewa kwa nini akwangue.

Jana Jumanne, saa nne kamili asubuhi, tulikuwa uwanja wa ukaguzi. Mkaguzi ni mama mmoja mwenye miwani ya kamba, tochi mkononi, hana mzaha. Aliingia chini ya gari, akatoka. Akajaribu taa, akajaribu mikanda yangu kwa kuivuta kama anavuta ng'ombe, haikutikisika. Akaliendesha mwenyewe kuzunguka uwanja, akafunga breki ghafla. Aliposhuka alisema, "Baba, hili linashika kuliko la kwangu." Akampa shemeji mkono. Madereva waliokuwa kwenye foleni wakapiga makofi. Mmoja akaniuliza, "Na wewe mzee ni nani wake?" Nikasema, "Nimemsindikiza."

Ndipo mkaguzi akachukua brashi ya waya akwangue mahali pa kugonga namba aliyokuja nayo. Rangi ikatoka. Akainama na tochi.

"KPT 1163. Hii namba ni ya gari gani?"

Shemeji alichuchumaa akatazama. Alitazama kwa muda mrefu, anaikunja na kuikunjua ile futi yake. Kisha akanitazama mimi, si kwa hasira. Akasimama.

"Sijui, mama."

Mkaguzi akasema, "Namba haimo kwenye karatasi zako hata moja, na imefichwa kwa rangi mbichi. Sisajili. Naita polisi."

Nilikuwa hatua tatu kutoka pale, mikono kifuani. Ilikuwa ni neno moja tu, "yangu." Sikulisema. Sikuogopa polisi. Makofi yale yalikuwa bado masikioni, nikasema moyoni, acha na yeye aonje. Nimeombwa na afande nifikirie kama nataka hilo libaki kwenye maelezo. Libaki.

Polisi walifika saa tano na nusu. Shemeji alinipa funguo za duka, akasema, "Kapteni, kuna gauni la bibi harusi la Jumamosi limetundikwa. Lifunike, lisipate vumbi." Akapanda gari lenu.

Nyumbani mke wangu hakula. Aliniuliza, "Wewe ulikuwepo. Ulisema nini?" Nikasema, "Mimi ni fundi wa mageti, ningesema nini?" Akanitazama tu. Afande, nimechomelea juu ya bahari, lakini kutazamwa kule kulinishinda.

Leo saa moja asubuhi mke wangu alinituma dukani kwa kaka yake nilete karatasi za ile injini. Nilipoinama kufungua kufuli nikaona, kitu ambacho jana gizani sikukiona, kwenye bamba la mlango, usawa wa macho: KPT 0031. Mlango ule nilimtengenezea mimi nilipokuwa naanza, nikiwa bado namposa dada yake. Anaufungua kila siku asubuhi kwa miaka zaidi ya ishirini. Basi jana alipochuchumaa alikuwa anajua. Alijua alama ni ya nani, na rangi alikwishaniuliza mwenyewe, nikajibu mbele ya watu. Akasema "sijui" akaja kulala kwenye sakafu yenu.

Ndani nililikuta faili. Fomu ya ukaguzi ina mstari umeandikwa "Fundi wa kuchomelea." Kwenye mstari ule pana majina yangu yote matatu, hata la babu yangu, ambalo mke wangu mwenyewe hulikosea. Tarehe ya fomu ni mwezi wa saba. Jina langu lilikuwa kwenye gari lile miezi miwili kabla sijaligonga. Hakuniambia, na najua sababu yake. Angeniambia, mji mzima ungejua kabla ya mkaguzi.

Nilifunga duka nikaja moja kwa moja hapa. Sijanywa chai.

Kama mnadhani namtetea ndugu, tokeni nje mtazame geti la kituo hiki, bawaba ya chini, upande wa kushoto unapoingia. Mtakuta KPT 0208. Mlango wa mahabusu si wangu, mlinunua kwingine, ndiyo maana unalia. Mwacheni mshonaji atoke. Ile alama naomba niisage mimi mwenyewe, mbele ya yule mama mkaguzi, na foleni ya madereva iwepo.

Nimesomewa niliyoyasema kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Ni yangu yote, mazuri na yale ya aibu, na sijalazimishwa.

Saini: (ametia saini, kwa mazoea ameanza kuandika KPT, akafuta)

MAELEZO YA ASKARI
Saa tatu na dakika kumi nimekwenda getini na askari wa zamu. Baada ya kukwangua rangi tabaka tatu kwenye bawaba iliyotajwa, tumesoma KPT 0208. Umbo la herufi linafanana na picha ya fremu ya gari. Mkaguzi amejulishwa kwa simu, amekubali kulikagua upya Ijumaa, saa nne. Mtuhumiwa ameachiwa. Shahidi ameelezwa kuwa anaweza kuitwa tena kuhojiwa kuhusu kitendo chake, amesema atakuja.

 Walipokutana koridoni mtuhumiwa alimuuliza shahidi jambo moja tu, kama gauni alilifunika. Shahidi akajibu kuwa alilifunika jana ileile, kwa shuka mbili. Wameondoka pamoja kwa miguu.