Mama mkwe anavaa kazi ya mikono yangu, nimwambie?

Mshauri wetu mpendwa, pole kwanza kwa urefu wa barua hii, maana jambo lenyewe limenikaa kooni na nikifungua mdomo nyumbani nitaharibu, kwa hiyo nakumwagia wewe, naomba msaada wako.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nafanya kazi kiwandani, kwenye mashine ya kufunga kingo za ile mifuko ambayo mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji wa utumbo huibandika tumboni ili choo kitokee humo, na sisemi kwa kujisifu, ingawa kweli najisifu, mshono wa mashine namba nne hauvuji. Zamani tulitumia plastiki yenye klorini, rahisi kufunga lakini ikichomwa jalalani moshi wake ni sumu, sasa tumeletewa nyingine nyembamba isiyo na klorini wala jamaa zake, ina tabaka nyingi zilizolaliana, ya katikati inazuia harufu, za nje ndizo zinazoshika joto, maana sisi tunafunga kwa mawimbi ya redio, na plastiki ya kawaida mawimbi hayo huipita kama hayakuiona. Mwanzoni ilitutoa jasho, kingo zikawa zinaachia kama bahasha mbovu, wenzangu wakataka ya zamani irudishwe, mimi nikang'ang'ana na fundi wa mitambo, tunapunguza hapa tunaongeza pale, mpaka ikakubali. Na kila asubuhi, mfuko wa kwanza naujaza maji, nauweka kwenye kiti, nauketia, na mwili wangu si mdogo, chai yangu nainywea hapo hapo. Ndiyo desturi yetu sisi wa zamu ya asubuhi.

Sasa nyumbani. Mama mkwe wangu alikuwa fundi cherehani, mkono wake unajulikana mtaa mzima, na tangu niolewe ananitania kwamba mkamwana wake anashona bila uzi, kazi yake mifuko ya nyanya. Nacheka naye, lakini inaniuma. Mwaka huu alifanyiwa upasuaji, tukaambiwa uvimbe umetolewa, basi, na tangu arudi hatoki nje, akija mgeni anajifanya amelala. Juzi napanga kabati, nikakuta boksi mume wangu amelificha nyuma ya makoti, kulifungua, mifuko yetu, na kwenye kona ile alama ndogo inayoachwa na kalibu ya mashine yangu, kile chuma kinachobana kingo. Nilikaa kitandani nikalia, sijui ni huruma au ni fahari, nadhani fahari ilitangulia, Mungu anisamehe.

Jioni nilipomuuliza mume wangu, akaniapisha nisiseme neno, eti mama akijua kwamba najua ataumia. Lakini wifi yangu anaolewa mwezi ujao, na mama amesema hatakwenda, miguu inamsumbua. Miguu yake mizima kabisa. Nilimsikia jikoni akimwambia mwanawe, "Nikiaibika mbele ya wakwe, binti yangu ataingia kwenye ndoa amebeba aibu yangu." Wifi analia kila siku, anadhani mama hamtaki mchumba wake. Nami nimekaa kimya na ninajua ule mfuko hauvuji, haunuki, hata kuchakarisha hauchakarishi. Nikinyamaza, mama anaikosa harusi ya binti yake, nikisema, nimemvunjia heshima na mume wangu ataniona sina kifua. Nifanyeje?

Wako, Mwenye Mashine ya Nne.

MSHAURI ANAJIBU

Mwenye Mashine ya Nne,

Jivunie, dada yangu, wala usiombe radhi. Anayeikalia kazi yake kila asubuhi huku anakunywa chai ana haki ya kuringa. Ila nikuulize: unataka mama mkwe atoke nje, au unataka aache utani wa mifuko ya nyanya? Unataka yote mawili, najua. Basi la kwanza litangulie, la pili likija lije lenyewe.

Mume wako ana huruma, lakini hapa amekosea. Ameilinda siri ya mama yake mpaka imemfungia mama mwenyewe ndani. Hata hivyo usimzunguke. Zungumza naye leo, umwambie aende yeye kwa mama, amweleze kwamba boksi limeonekana, na aliyeliona ndiye aliyeifunga ile mifuko. Akisitasita, mkumbushe kwamba dada yake anamwaga machozi kwa kosa ambalo mchumba wake hana.

Mama akikubali kukuona, ingia peke yako na ufunge mlango. Tafadhali usimwanzie habari za klorini na mawimbi, utamchosha. Mwombe msimamizi wako mfuko mmoja mtupu, narudia, mwombe, usiutie mkobani kimya kimya. Mpe mama mkononi useme, "Mama, nivutie huu mshono." Huyo ni fundi, vidole vyake vitaanza kuvuta kabla hajaamua kukujibu. Mwache avute mpaka achoke. Kisha ujaze maji, uweke kwenye kiti, uketi kama ulivyozoea. Akicheka, inuka umpishe, akae yeye.

Na hapa nikushushe kidogo. Mshono ni wako, lakini ile gundi inayoshika ngozi si yako, na mara nyingi kuvuja huanzia hapo. Kabla ya harusi mpeleke kwa muuguzi, aangalie kama mfuko unamkaa sawasawa. Siku yenyewe beba ya akiba mkobani, ukae kiti cha nyuma yake, na mpeane ishara: akigusa mkufu wake, mnatoka wote wawili bila maelezo kwa mtu. Wifi yako ataambiwa na mama yake mwenyewe, siku atakayotaka. Hapo kifua kikutoshe.

Usitegemee kupigiwa makofi. Mfuko wako ulitengenezwa usisikike na usinuke, kwa hiyo ukifanya kazi yake vizuri hakuna atakayegeuza shingo. Mama akikaa mstari wa mbele mpaka mwisho, na watu wote wakawa wanamtazama bibi harusi tu, basi ringa hapo hapo ulipoketi, kimya kimya. Mama atakuwa anajua.