Thorkild na Kitambaa Kikavu

Mpendwa Shangazi Karna,

Naomba unisaidie kabla ya Pentekoste, maana situlii, nikikaa nasimama, nikisimama naenda dirishani, na kila nikienda dirishani namwona jirani yangu Thorkild ameinamia boneti la gari letu, kitambaa mkononi, anasugua.

Gari ni jeusi, marehemu mume wangu Verner alilinunua mwaka aliostaafu kazi ya bandarini, na alilitunza kama mboni ya jicho, lilivyong'aa ungeweza kujitazama mlangoni ukachana nywele. Hapa kwetu nyuma ya matuta ya mchanga upepo wa magharibi haulali, kila asubuhi gari linaamka limejaa mchanga na chumvi, lakini Verner hakuligusa likiwa kavu hata siku moja, alilimwagia maji kwanza mpaka mchanga wote ushuke, ndipo aliposhika sponji, nami nikimtania kwamba mimi hajawahi kunibembeleza hivyo.

Tangu tumzike vuli iliyopita gari limesimama nje, maana gereji imejaa, vitu vyake vimo kama alivyoviacha na sijapata muda wa kuvigusa, basi Thorkild, ambaye naye alifiwa na mkewe zamani kidogo, akaanza kuja kila asubuhi kunipangusia, bila kuombwa, kwa kitambaa kikavu, mchanga ukiwa juu, anazungusha mkono huku anapiga mluzi, na sasa jua limerudi naona boneti zima limejaa mikwaruzo ya duara kama utando wa buibui, Shangazi, moyo unaniuma, lakini akimaliza anabisha hodi na mikate ya mdalasini yenye moto, nami nifanyeje, naweka kahawa.

Wiki iliyopita nilijaribu. Nikamwambia asijisumbue, mgongo wake mbovu na baridi bado ipo. Akazungusha kikombe chake, akasema polepole, “Bodil, ukinikataza hili, asubuhi nitaamkia nini?” Nikamwongezea kahawa, na kesho yake nikausikia mluzi tena.

Sasa mwanangu Jeppe anakuja sikukuu kutoka Aarhus, na kwenye simu mdomo ukaniponyoka nikamweleza habari ya mikwaruzo, akanijibu, “Mama, huyo mzee niachie mimi. Nitamwambia mara moja tu, hatarudia.” Namjua Jeppe, ulimi wake hauna breki, na Thorkild akisemwa hivyo hatakanyaga tena kwangu. Nami nikinyamaza, kitu ambacho Verner alikipenda kuliko vyote kinaharibika mbele ya macho yangu. Nimefikiria kununua turubai nilifunike, nimefikiria hata kuliuza, silali. Niambie la kufanya.

Bodil, karibu na Thyborøn


Bodil mpenzi,

Pole kwa msiba, na pole kwa boneti. Sasa keti, miguu itulie, maana nina ya kukugombeza.

Turubai usinunue. Kwa upepo wa huko kwenu litapigapiga juu ya mchanga usiku kucha, na asubuhi litakuwa limekwaruza kuliko Thorkild. Mikwaruzo yenyewe isikutie wazimu. Gari jeusi halifichi kitu. Jeupe lingekuwa nayo vilevile na wewe ungelala usingizi. Pitisha ukucha juu yake. Usipokwama, fundi wa rangi ataiondoa kwa polishi na kulipaka nta. Ila usiende kwa fundi kabla hujakikomesha kitambaa kikavu, utalipa bure.

Kuosha unakujua, ulikuwa ukimtazama Verner. Lipeleke kwenye kituo cha kuoshea magari, ulimwagie maji mengi kuanzia paa kushuka chini. Ndoo mbili: moja ya sabuni ya gari, nyingine ya kusuuzia glavu ya kuoshea, ili mchanga ubaki humo usirudi kwenye rangi. Sabuni ya vyombo iache jikoni, inaondoa nta. Ile brashi ya kituoni usiishike, imebeba mchanga wa magari ya watu wote. Osha kivulini, maana rangi nyeusi hushika joto upesi na maji yakikaukia juu huacha madoa. Kukausha, laza taulo laini, gandamiza, inua. Na kinyesi cha ndege kikidondoka, kiloweshe ukitoe siku hiyohiyo.

Haya, tuje kwenye gereji. Umeitaja haraka haraka ukakimbia. Chumvi, mchanga, upepo wa magharibi, na hapo hapo kando una paa na mlango! Muda ulikuwa nao, Bodil. Ulichokosa ni moyo wa kuingia mle, na hakuna wa kukulaumu, lakini usimtwike Thorkild peke yake, maana aliyeliacha gari mchangani ni wewe. Huyo mtu anatafuta cha kuamkia, na wewe una gereji nzima ya kupanga. Mwombe. Kila mtakachokishika utamweleza Verner alikifanyia nini, utalia kidogo, atangoja, mtaendelea. Yeye mambo hayo aliyapitia kabla yako.

Jeppe mpigie simu leo. Mwambie nyumba ni yako na jirani ni wako, na yeye aje na nguvu za kubeba makabati tu.

Limebaki moja, nalo ndilo gumu. Uliogopa kumwambia Thorkild ukweli, ukamwambia habari za mgongo na baridi, na yeye akasikia kwamba humtaki. Mtu mzima mwenzako anastahili zaidi ya hapo. Kesho ukimwona anakuja, toka kabla hajaligusa gari, hata kwa ndara za ndani, umwambie hivi: “Thorkild, kitambaa chako kinakwaruza rangi. Na mimi sitaki uache kuja.”

Yaseme yote mawili kwa pumzi moja. La kwanza litakutoka kwa urahisi, umelibeba miezi mingi. La pili usilimeze ukifika mlangoni, maana hilo ndilo lililokufanya uniandikie.

Shangazi Karna